Kitabu cha Kwenda Nacho Ufukweni Mwanza: Namna ya Kukichagua

Ukiagiza sato wa kuchoma kwenye ufukwe wowote wa Ilemela, mhudumu atakwambia, "Dakika ishirini tu, bosi." Wewe hesabu saa nzima, na kama ni Jumapili hesabu saa moja na nusu. Samaki anatafutwa, anaparuliwa magamba, anachanjwa, moto unapulizwa upya, na meza ya pembeni kuna familia iliyoagiza watano kabla yako. Wengi muda huo wanaumaliza kwenye simu wakiperuzi picha za watu walioko fukwe nyingine. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuutumia kusoma.

Nitangulize jambo moja, maana hatua zote zilizobaki zinaliegemea: kitabu cha ufukweni kinapimwa kwa jinsi kinavyovumilia kukatizwa. Nyumbani unaweza kufunga mlango. Ufukweni atapita muuza karanga, atapita mpiga picha, mtoto atakuja kudai kiatu chake kimechukuliwa na maji, spika zitapandishwa sauti, na jamaa uliyesoma naye sekondari ataibuka ghafla akiwa na stori za miaka kumi. Kitabu kinachokulazimisha urudi kurasa tatu nyuma kila ukiinua macho kitakushinda, hata kama kimepewa tuzo kubwa kuliko zote.

Hatua ya kwanza: hesabu saa kabla ya kurasa

Mwanza ipo nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua ni kali hata pale upepo wa ziwani unapokufanya ujisikie baridi. Na kwa kuwa tunafuata saa moja na Dar es Salaam ilhali tuko mbali magharibi, jua letu linafika utosini karibu saa saba mchana. Kwa hiyo saa za kukwepa ni kuanzia kama saa tano hadi saa tisa na nusu, si zile unazozijua za pwani. Jioni jua linazama karibu saa moja, na tofauti ya mwezi hadi mwezi ni ndogo mno.

Saa nzuri za kusoma basi ni mbili: asubuhi, kuanzia ukishakunywa chai hadi saa nne na nusu, ziwa likiwa bado limetulia, na jioni, kuanzia saa kumi hadi mwanga unapoanza kukuacha. Toa kuogelea, toa kula, toa stori. Wikendi ya siku mbili inabaki na saa tano, sita ukijitahidi.

Sasa jipime. Chukua riwaya yoyote ya Kiswahili uliyonayo nyumbani, soma kwa robo saa bila kukimbia, hesabu kurasa, zidisha kwa nne. Wasomaji wengi wataangukia kwenye kurasa 25 hadi 35 kwa saa. Zidisha kwa saa zako tano, kisha punguza kidogo kwa ajili ya muuza karanga. Unapata kitabu cha kurasa 120 hadi 170. Habari njema ni kwamba riwaya nyingi za Kiswahili zipo hapohapo. Waandishi wetu hawakuwa na karatasi ya kuchezea.

Msimu nao unabadilisha hesabu. Juni hadi Agosti ni kiangazi, utakuwa nje muda mwingi na upepo wa mchana utakusumbua kurasa. Desemba, ambapo ofisi zinafunga na kila mtu anarudi nyumbani, mvua za vuli huwa hazijaisha. Ukinyeshewa siku nzima kwenye chumba cha wageni utakumbuka mwongozo huu. Safari ya Desemba ongeza kitabu.

Ongeza pia kama kuna maji ya kuvuka. Meli ya Bukoba inasafiri usiku kucha, na ya Nansio, kisiwani Ukerewe, inakula saa kadhaa za mchana. Hizo ni saa za kusoma za uhakika kuliko zote, ukipata kiti mbali na televisheni. Wa kwenda Sengerema na Geita ndio waliopunguziwa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita tatu na ushee unazipita kwa dakika chache, na ule muda wa kusubiri kivuko umekwisha. Ni maendeleo makubwa, sipingi. Ila kuna riwaya nyingi zilimalizwa kwenye foleni ile.

Hatua ya pili: ufukwe upi, na uko na nani

Fukwe za karibu na mji, kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumapili usiku, ni za muziki. Singeli huku, bongo fleva kule, kundi moja lina siku ya kuzaliwa na jingine lina kipaimara. Hapo beba kitu chepesi. Siku za katikati ya wiki ufukwe uleule unatulia mpaka unasikia maji yakigonga mawe, na ndipo unaweza kuthubutu kitabu kinachodai akili yote.

Ukienda mbali zaidi, upande wa Igombe au Kayenze, ujue mwalo ni mahali pa kazi za watu. Dagaa wameanikwa, nyavu zinashonwa, mitumbwi inavutwa. Si ustaarabu kujilaza na kitabu katikati ya dagaa wa wenzako. Salimia wazee kwanza, omba mahali, kaa pembeni. Na ujiandae kuulizwa unasoma nini. Ukionekana una nafasi, watoto watakuomba uwasomee. Kitabu chenye kisa kinachoeleweka kwa kusikia kitakupa marafiki hapo kuliko chochote kingine ulichobeba.

Kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kiko dakika chache tu kwa boti kutoka mjini. Kuna mawe makubwa yenye vivuli vizuri, na pimbi watakaokuangalia bila woga. Beba kitabu kimoja kidogo kinachoingia mfukoni, maana mikono utaihitaji kupandia mawe.

Kuhusu watu: ukiwa na watoto wadogo, zile saa tano zigawe kwa tatu na uchukue hadithi fupi. Ukiwa fungate, riwaya ya kurasa 500 ni kuomba ugomvi. Na ukiwa umefuatana na wakwe, au na shangazi ambaye hamjaonana tangu msiba wa mwaka juzi, kuzamisha uso kwenye kitabu ni kukosa adabu, hata kama hakuna atakayekwambia. Kwa safari ya namna hiyo chagua kitu unachoweza kuwasimulia: "Baba, humu kuna mzee mmoja amenichekesha, sikiliza..." Wazee wa huku wanapenda kisa, na mara mbili tatu utakuta kitabu kimehamia kwa baba mkwe na hukipati tena.

Hatua ya tatu: chagua aina ya kisa

Hapa ndipo watu wanapokosea kwa kuchagua kitabu wanachotaka kuonekana wanakisoma. Weka heshima pembeni, jiulize ni kisa gani kitakuvuta urudi baada ya kukatizwa.

Kwa kazi hiyo riwaya ya upelelezi haina mpinzani. Kuna swali moja tangu ukurasa wa kwanza, nani kaua au nani kaiba, na swali hilo halipotei hata ukienda kuogelea. Sura zake huwa fupi, mazungumzo mengi. Na Kiswahili kina ukoo mzima wa wapelelezi. Muhammed Said Abdulla alimtoa Bwana Msa, mzee wa kiko na akili tulivu, katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo. Baadaye wakaja Elvis Musiba na Willy Gamba wake, na Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Maprofesa waliziita riwaya pendwa, neno ambalo ukilisikiliza vizuri lina kejeli ndani yake, lakini zilisomwa kwenye mabasi, kambini na mabwenini mpaka majalada yakang'oka. Bwana Msa anafaa zaidi asubuhi, maana anatembea polepole na anapenda kufikiri. Willy Gamba anafaa ule muda ambapo muziki umeshapanda.

Njia ya pili ni kusoma kitabu cha mahali ulipo, na hapa wageni wa Mwanza wana bahati ambayo wengi hawaijui. Kisiwa cha Ukerewe kimetoa waandishi kama vile maji yake yana kitu. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika hadithi yake ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, ikasubiri hadi 1980 kuchapwa kwa Kiswahili, na mwaka uliofuata akafariki. Gabriel Ruhumbika ni wa hukohuko. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944. Ukisoma Rosa Mistika ukiwa Nansio, au hata ukiwa juu ya mawe ya Capri Point hapa mjini ukitazama upande wa visiwa, mitumbwi na mihogo na joto la mchana haviko mbali nawe.

Lakini waandishi hao nao wanahitaji kupimwa kwa safari. Kitereza ni wa mapumziko marefu, wiki mbili kwenda juu. Mwendo wake ni wa mzee anayesimulia bila haraka: ndoa, kilimo, uvuvi, pombe, namna ya kumpokea mkwe, kila kitu kwa zamu yake. Kukatizwa hakumsumbui hata kidogo, maana hakuna fumbo la kupoteza. Unafungua ulipoishia na maisha yanaendelea. Rosa Mistika, ya mwaka 1971, ni fupi na inakimbia, ila ni kisa kizito cha binti aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, na mwisho wake si wa kufurahia. Kwanza kilizuiwa mashuleni, baadaye kikawa kitabu cha kufundishia. Kisome, lakini si kwenye safari uliyopanga kwa ajili ya kusahau matatizo.

Na kuna mtego mmoja: Nagona na Mzingile, za Kezilahabi huyohuyo, 1990 na 1991. Ukiviona dukani utasema hivi ndivyo vya wikendi, vyembamba kabisa. Usidanganyike na wembamba. Ni vitabu vya ndoto, mafumbo na falsafa, ambavyo ukurasa mmoja unaweza kukuweka nusu saa ukijiuliza uko wapi. Ukiwa peke yako siku ya Jumanne, ufukwe mtupu, jaribu. Jumapili vitakutoa jasho. Hivyo basi, kurasa zinapima muda tu. Uzito wa kitabu unaupima kwa kukisoma kidogo, na hilo ni la hatua ya tano.

Njia ya tatu ni vile vitabu vya darasani. Najua. Ukitajiwa riwaya uliyofanyia mtihani wa sekondari, kichwani zinakuja dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, "kwa kutumia hoja tatu kwa kila kitabu". Tulifundishwa fasihi kwa fani na maudhui mpaka tukasahau kwamba kulikuwa na kisa. Rudia kimoja ukiwa umelala kwenye mkeka, bila kalamu. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, kwa mfano, ni kisa cha mapenzi na siasa za Zanzibar chenye kasi ambayo ukiwa darasani hukuruhusiwa kuifurahia. Siku Njema ya Ken Walibora nayo wasomaji wa Kenya wanaijua kwa namna hiyohiyo: waliisoma kwa mtihani, wakaipenda baadaye.

Ukitaka kitabu kipya zaidi, Peponi ni chaguo zuri: ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka kwa Kiswahili mwaka 2022. Kijana Yusuf anachukuliwa kutoka kwao na kupelekwa na misafara ya biashara kutoka pwani kuingia bara. Kwa mtu wa kanda ya ziwa kuna ladha ya pekee kusoma jinsi watu wa pwani walivyowaza juu ya huku ndani. Ni kirefu kuliko riwaya za kawaida, kwa hiyo kipe siku nne au tano.

Mashairi na hadithi fupi sina haja ya kuvitetea. Vinavumilia kukatizwa kuliko vyote.

Kitu ambacho ningekuomba uache nyumbani ni vitabu vya mafanikio: tabia za matajiri, siri za kuamka saa kumi alfajiri, namna ya kuzidisha kipato. Ndivyo vinavyouzwa zaidi stendi na kwenye foleni za magari, na vina nafasi yake. Lakini umelipa nauli, umelipa chumba, umekaa chini ya mwamvuli, halafu unafungua kitabu kinachokwambia walioendelea hawapumziki. Ya nini?

Hatua ya nne: kitafute mapema

Anza wiki mbili kabla. Maduka mengi ya vitabu Mwanza yanaishi kwa madaftari, vitabu vya kiada na vifaa vya ofisi. Riwaya zinakaa rafu ya chini, nyuma, karibu na ramani za ukutani. Uliza kwa jina la mwandishi, kisha omba uingie mwenyewe kutazama, maana muuzaji anaweza kuwa nacho bila kukumbuka. Wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaopanga bidhaa chini barabarani ndio wenye bahati za ajabu, hasa kwa riwaya za upelelezi ambazo nyingi hazijachapwa tena kwa miaka.

Maktaba ya mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, watu wanaichukulia kama chumba cha wanafunzi kujisomea. Ina riwaya. Uliza utaratibu wa kujiunga na kuazima, na uliza siku za kurudisha kabla hujakipeleka kisiwani.

Kama Mwanza hakipo, wachapishaji wengi wapo Dar es Salaam. Unapiga simu, unalipa kwa simu, kifurushi kinapakiwa kwenye basi na kesho yake unakifuata stendi. Omba wakupigie picha ya jalada na ya ukurasa mmoja wa ndani kabla ya kulipa.

Kusoma kwenye simu kunawezekana, ila kioo cha simu juani kinakuwa kioo cha kujitazamia, na mlio wa ujumbe ni ukatizaji mwingine uliojibebea mwenyewe. Ukiamua hivyo, pakua kitabu ukiwa mjini, zima data, na ubebe pawa banki.

Hatua ya tano: kijaribu kabla ya kutoa hela

Chukua kitabu, simama hapohapo kwenye kelele, soma ukurasa wa kwanza na wa pili. Ukimaliza, kifunge. Zungumza na muuzaji, uliza bei ya kitabu kingine, mwambie apunguze, mcheke kidogo. Yapite dakika tatu nne. Sasa fungua tena ukurasa wa tatu. Je, unakumbuka nani ni nani? Unataka kujua kilichofuata? Kama ndiyo, kitabu kimefaulu mtihani wa ufukweni. Kama umelazimika kurudi mwanzo, kirudishe, hata kama jalada ni zuri. Barabarani mjini kuna kelele zilezile za ufukweni, ukiacha maji tu, kwa hiyo jaribio hili halidanganyi sana.

Kisha fungua katikati. Mwanzo wa kitabu mwandishi hujitahidi. Katikati ndipo anapochoka. Tazama ukurasa bila kusoma: kuna nafasi nyeupe za mazungumzo, au ni ukuta wa maneno kutoka juu hadi chini? Soma mistari kumi ya mazungumzo na uisikilize. Watu wanaongea kama watu?

Halafu kikague mwili. Kiweke kiganjani, kifungue katikati na ukibonyeze taratibu. Gundi ikilia kwa mlio mkavu, kurasa zitaanza kuachia kwenye joto la ufukweni, na upepo utamalizia. Pitisha namba za kurasa kwa kidole gumba, kwa haraka, hadi mwisho. Vitabu hushonwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, na fungu zima linaweza kukosekana au kujirudia: unatoka ukurasa wa 64 unaangukia 97, na muuaji alikuwa humo katikati. Herufi za kijivu, mistari iliyopinda na maneno yaliyokatwa pembeni ni dalili ya nakala ya fotokopi iliyovalishwa jalada. Muuzaji atasema, "Dada, hii ni orijino kabisa." Weka chini. Mwandishi hapati kitu humo, na wewe unapata macho mekundu.

Karatasi yenye rangi ya maziwa ni rafiki juani. Nyeupe inayong'aa inaumiza macho.

Hatua ya sita: beba cha akiba

Kimoja kikikushinda usibaki mikono mitupu. Cha akiba kiwe chembamba na cha aina tofauti kabisa: ukiwa na riwaya nzito, akiba iwe mashairi au upelelezi. Kwa wenye watoto, akiba iwe kitabu cha hadithi za Sungura na Fisi cha kuwasomea usiku.

Na ujipe ruhusa ya kuacha. Kurasa 30 zikipita hujali nini kitampata nani, kifunge. Hakuna mwalimu wa zamu.

Hatua ya saba: ukishafika

Kaa kivulini wewe na kitabu, jua likiwa nyuma ya bega lako. Mawe ya Mwanza yanavutia kuegemea, lakini yaguse kwanza. Jiwe lililopigwa na jua tangu asubuhi linakaa na moto wake hadi jioni. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo ukikaa umeupa mgongo, mwili wako unakikinga kitabu. Mpira wa kufungia noti unatosha kushikilia kurasa ulizokwisha kusoma.

Usisome ukiwa umetumbukiza miguu kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Picha inapendeza, lakini kichocho kipo ziwani, na konokono wanaokieneza wanapenda hasa sehemu hizo. Uliza wenyeji wanaogelea wapi, na uulize pia habari za mamba na viboko bila kuona aibu.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo usitegemee kukifunika kitabu na cha dukani. Chombo cha plastiki cha chakula chenye mfuniko kinakizuia maji, mchanga na mafuta. Mafuta ndiyo adui mkubwa. Sato ameshafika, vidole vinang'aa, na uko kwenye sura ambayo mlango unagongwa usiku wa manane. Weka alama, funga kitabu, kirudishe ndani ya chombo, kula kwanza.

Usiku ukisomea nje kwa taa, wadudu wadogo wa ziwani watakuja. Kuna siku wanapanda juu ya maji kama moshi, na taa yoyote inawaita. Hawaumi, ila watajaa katikati ya kurasa na ukifunga kitabu unawachapa humo milele. Zima taa, ingia ndani, au acha kusoma utazame taa za wavuvi wa dagaa; usiku usio na mbalamwezi huwa nyingi mpaka utadhani kuna mji upande wa pili.

Kitabu kikitumbukia, usikianike juani. Kurasa zitapinda na gundi itapasuka. Kikung'ute, kifute jalada kwa kitambaa kikavu, kisha weka vipande vya gazeti au tishu kila baada ya kurasa kumi hivi. Kisimamishe kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimetanuka, na ubadilishe karatasi zikilowa. Kikishakuwa kikavu karibu kabisa, kilaze chini ya begi zito usiku mzima. Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo kitapona vizuri kuliko kilichoanguka baharini. Kama ni cha maktaba, waambie wenyewe kabla hawajakiona.